Hodi Tatu

Saa mbili na nusu asubuhi, ofisi ya upimaji, Makole.
Bwana Kisaka amebofya folda ya pamoja
na sasa anamenya yai.
Amelimenya, amelitia chumvi, amelila,
amefuta vidole kwa gazeti la juzi,
na ule mduara wa buluu bado unazunguka
kama mbwa anayetafuta namna ya kulala.

"Fundi," ananiambia, "ramani za Iyumbu
zinakuja kwa miguu?"

Nilianza palipo rahisi. Nikang'oa kebo, nikairudisha.
Nikafungua kabati la swichi, nikapuliza:
vumbi la Dodoma likanirudia usoni, nikapiga chafya,
na nyuma yake taa za kijani zikipepesa
bila kosa lolote.
Nikahesabu mafaili: elfu kumi na nne, si mengi.
Nikaulaumu umeme, kwa mazoea tu.
Nikaingia stoo, inapokaa seva,
nikaigusa ubavuni kama unavyomgusa mtoto usiku.
Haikuwa na homa.

Siku ya tatu ndipo nilipomwona Perusi.
Perusi Ndahani wa masjala, ajira mpya, mzaliwa wa Mvumi.
Folda ile ile, seva ile ile, waya ule ule,
na kabla hajashusha mkono, ramani iko wazi.

"Mashine yako ilinunuliwa wapi?"
"Hapa hapa, Barabara ya Sita. Nimeikuta na nailoni yake."

Zile nyingine kumi na moja zilikuja na lori
kutoka Dar es Salaam, mwaka wa kuhama,
zimeviringishwa mablanketi,
pamoja na viti, pamoja na saa ya ukutani,
pamoja na mimi, kiti cha mbele,
katikati ya dereva na utingo wake.

Nikakaa kwenye mashine ya Kisaka
nikaifuata kule inakokwenda.
Haikuwa mvivu, maskini.
Kila ikitumwa ramani ya Iyumbu
ilishuka kwanza Dar,
ghorofa ya pili, nyuma ya Posta, kwa seva ya zamani,
ikapiga hodi.
Ikasubiri.
Ikapiga hodi.

Seva ile tuliiuza kwa kilo.
Chumba kile siku hizi wanauza magodoro.

Ikapiga hodi ya tatu, kama mtu aliyelelewa vizuri,
ndipo ikageuka, ikapanda tena Dodoma,
ikagonga mlango
uliokuwa nyuma yake muda wote.

Hakuna aliyeiambia.
Tulibadilisha vichwa vya barua, mihuri, kibao cha getini,
hata mama wa chai tulimpata mwingine.
Njia ile peke yake, mstari mmoja mfupi,
ilibaki imeandikwa jina la kule.

Nikaufuta kwenye mashine kumi bila kufikiri.
Kwa Kisaka kidole kikakawia juu ya kitufe.
Sijui nilikuwa nangoja nani aitike.
Nikabonyeza.

Akabofya, na Iyumbu yote ikamwagika kwenye kioo,
viwanja, njia, mkondo wa maji ya mvua,
yai lingali na ganda lake.

"Umeifanyaje?"
"Nimeiambia tumehama."

Akacheka mpaka akakohoa,
kisha akaweka kidole juu ya kiwanja kimoja, pembeni,
karibu na mkondo. "Hiki changu," akasema.
"Bado sijamwonyesha mama watoto."

Usiku, Nkuhungu. Upepo wa Julai unasugua mchanga kwenye bati.
Nimeamka na kiu.
Mkono ukaenda kushoto kutafuta swichi,
pale ilipo katika chumba chetu cha Tandika.
Plasta tupu, baridi.
Miaka sita nalala hapa.
Ukapapasa tena, juu kidogo.
Nikasimama gizani, nimeuacha.
Ukapapasa mara ya tatu.

Swichi iko kulia.