Chaki ya Forodha

Wa Horohoro alikuwa na kikohozi.
Alitia mkono hadi kwapani ndani ya kikapu changu,
akatoa pakiti ya karafuu, akainusa,
akauliza, "Hii dawa au biashara?"
Nikamjibu kwa adabu: hii pilau.
Akacheka, karafuu akabaki nazo,
nami nikavuka nimepungua robo kilo.

Wa Namanga hakusema neno.
Alichora msalaba wa chaki ubavuni mwa begi,
begi lenye msala ndani,
na mvua ikaufuta kabla sijafika Nairobi.

Wa Maskati alivaa glavu nyeupe.
Alizikunjua suruali zangu moja moja,
kwa upole, kama muosha maiti,
akaniuliza mara tatu jina la babangu.
Mara ya tatu nikalitilia shaka.

Lakini wa Mombasa, wa kwetu!
Uwanja wa ndege, Jumanne, saa tisa usiku,
feni yazunguka kama iliyolazimishwa,
na kifuani kibandiko: MWAKIO.
"Sanduku hili?"
"Cherehani."
"Mpya?"
"Ina umri wa mamangu."
"Wote husema hivyo."
Akanifafanulia: mpya ina ushuru wake,
kuukuu ina ushuru wake,
isiyojulikana ina ushuru wa zote mbili.
"Thibitisha."

Foleni ikaguna. Mama mmoja wa Kisauni,
mablanketi manne kichwani na la tano begani,
akasema, "Ya Rabi, kutakucha hapa."
Nithibitishe vipi uzee wa chuma?
Rangi imebabuka pale kiganja kinapokaa.
Gurudumu la mkono lina mlio wake,
tiki-tiki-kwaa,
ambao miaka kumi na mmoja katika chumba cha watu sita
nimelala nikiusikia.

Ndipo nikauona mkono wa shati lake.
Umefumuka begani, wa kushoto,
umeshikizwa kwa pini ya ofisi.

"Vua, afande."

Pakawa kimya.
Akatazama kulia, akatazama mlango wa bosi,
akavua.
Akabaki na fulana yenye tundu mbavuni,
bila cheo, bila nembo, mtoto wa mtu tu.
Nikaiweka cherehani juu ya meza yake ya kupekulia,
nikatoa chaki yangu, ya bapa, ya buluu,
nikapiga mstari.
Chaki yake huuliza: kimetoka wapi?
Yangu huuliza: kitamkaa nani?
Zote mbili hufutika.

Tiki-tiki-kwaa.
Mama wa Kisauni akashika ncha ya kitambaa
bila kuombwa, mablanketi yake sakafuni.
Dakika nne, labda tano.
Mwakio akalivaa, akainua mkono, akaushusha,
kama anayeongoza magari Makupa,
akaandika: Imetumika. Inafanya kazi.

Kisha (msimsifu mapema)
akazikuta mita tatu za hariri
zilizolala chini ya cherehani,
akanitoza shilingi mia sita,
akanipa risiti yenye muhuri uliokaukiwa wino.
Nilikasirika hadi kwenye teksi.
Tulipopita Changamwe hasira ikanishuka:
angenisamehe, ningekuwa nimemhonga kwa sindano.

Nilifika Kibokoni adhana ya alfajiri haijaisha.
Mama alikuwa mlangoni, mdogo kuliko nilivyomwacha.
Hakuuliza nimeleta nini.
Alilizunguka sanduku mara mbili,
kwa macho yale yale ya wale wote,
akaiona alama nyeupe aliyoiacha Mwakio kifunikoni,
akalowesha ncha ya leso kwa mate,
akaifuta, akaifuta tena.

"Pita," akasema.