Mgongo Uliohamia Mbele

Miaka kumi na tisa mgongo huu umepanda Kadutu
na mihogo ya watu, simenti ya watu,
kamba ikipita kwenye paji la uso, shingo ikizama,
na mvua ya Bukavu, isiyobisha hodi,
ikigeuza njia kuwa uji mwekundu.

Ukambeba Ashuza. Ukambeba Cirhuza.
Wa tatu haukumbeba siku nyingi.

Titi la kushoto liliondoka mwezi wa nne.
Sikulililia. Lilikuwa limeshakuwa jiwe,
na jiwe ni mzigo usio na mwenyewe wa kukulipa.
Nilichokililia ni blauzi,
ilivyolegea upande mmoja
kama nyumba ya Mama Mwambali
usiku ule kilima kilipoteleza na sebule yake.

Basi nikashona kifuko, nikatia maharage.
Yana uzito mzuri, maharage. Hukaa yanapowekwa.
Mpaka siku moja kwenye ngazi za soko
uzi ukakatika,
nikawa namwaga maharage kutoka kifuani,
moja moja, ngazi kwa ngazi,
kuku wa mtu akinifuata kwa adabu.
Nilicheka na wote.
Nyumbani ndipo nilipoacha kucheka.

Daktari Bulangalire ana kalamu ya zambarau.
Alinisimamisha wima, akanichora mbele na nyuma.
“Hapa,” akasema, akigusa chini ya bega,
“kuna nyama pana, imara.
Nitaizungusha ipite kwapani
bila kuukata mshipa wake wa damu,
niilaze mbele.”
Nikamwuliza: hiyo si ndiyo inayobeba?
Akanyamaza kidogo.
“Ndiyo hiyo hiyo, mama.
Gunia la kilo themanini utaliaga.”

Zihindula, mume wangu, akataka kujua
mwanamke wa miaka arobaini na sita
nani anamwangalia.
Mimi ninajiangalia, nikamwambia.
Naoga kila siku.

Saa sita za nusukaputi.
Kisha mirija miwili, chupa mbili za maji mekundu
nilizotembea nazo wodini kama mwuza maziwa.

Sasa lipo. Si pacha wa mwenzake:
limekaa juu kidogo, halina chuchu,
na ngozi yake, iliyotoka mgongoni, ni nyeusi zaidi,
jua la kilimani bado limo ndani yake.
Chuchu inaweza kuja baadaye, anasema daktari.
Nimesema tutaona.

Ila kuna jambo hakuniambia.
Nikinyanyua ndoo, nikivuta mlango uliokwama,
titi linashtuka,
linakaza, linaruka,
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa barabarani.
Mara ya kwanza niliogopa.
Siku hizi naweka ndoo chini,
naweka kiganja juu yake,
nalinong’oneza:
tulia, ni maji tu.