Nyeupe Haimo Kisandukuni

Kwanza maji. Tabora, mwezi wa kumi,
ndoo shilingi mia tano, na mke wangu Mbuke
ananitazama nikichota kikombe cha kuchezea.
"Watu wanakunywa," anasema. Nanyamaza,
kwa sababu ni kweli.

Kazi inayotulisha ni vibao:
SALUNI. MASHINE YA KUSAGA. NYUMBA HII HAIUZWI.
Rangi ya mafuta ina huruma; ukikosea unafunika,
ukikosea tena unafunika kosa la pili.
Rangi ya maji haifuniki kitu.
Ukishaweka, umeweka;
karatasi inakumbuka kama mwenye duka unayemkopa.

Na nyeupe haimo kisandukuni.
Nyeupe ni karatasi yenyewe, pale ulipojizuia.
Kwa hiyo kabla brashi haijalowa
lazima uwe umeshauona mwanga utakapokaa,
uuzunguke kama unavyozunguka kitanda cha mgonjwa.
Joto nalo halingoji. Ukipepesa tu,
anga limekauka nusu,
limeacha mstari kama jasho kwenye shati.

Bi Nyanzala alikuja Jumanne,
chupa ya asali mkononi, imezibwa kwa gunzi.
"Nichoree nyumba yangu ya Isevya."
Picha? Hana.
Nyumba? Haipo;
tingatinga lilipita Machi, barabara inapanuliwa.
"Mimi nitasema, wewe chora."

Akasema. Mlango wa bluu,
si bluu hiyo, bluu ya sare ya shule iliyofuliwa mihula mitatu.
Bati lenye kutu upande wa jikoni.
Kizingiti kilicholika katikati
kwa miguu ya watoto sita, na wa saba
aliyeishia kutambaa.
Nikawa nasikiliza kwa brashi.
Nilipokosea, alikohoa.

Mara tone likaniponyoka,
likaangukia ukuta ambao haujakauka,
likatanuka, likawa ua la kahawia lenye kingo.
Nikanyakua kitambaa. Akanishika mkono.
"Acha. Hapo ndipo nilipokuwa naegemeza mtungi.
Ukuta ulikuwa ukitoka jasho hapo hapo."

Sijui kama ni kweli. Sijui kama yeye anajua.

Akasema tena, bila kunitazama:
"Ile alama nyekundu usiichore."

Sikumwambia.
Mwezi wa pili nilipewa kopo, brashi ya inchi nne
na orodha ya namba; elfu moja kila nyumba.
Nilisimama mbele ya ukuta ule.
Mlango ulikuwapo, kizingiti kilikuwapo,
labda na mtungi, labda na mtu ndani.
Niliona nafasi ya X, basi.
Mara mbili brashi, kulia na kushoto;
ya kushoto ikachuruzika,
nikaenda kwa jirani.

Sasa macho yangu ya siku ile hayanifai kitu.
Nikayafumba, nikaazima yake,
nikaingia kwa mlango alioutaja,
nikatokea uani, nikakuta kamba ya kuanikia
ambayo hakuitaja. Nikaichora.
"Enhe," akasema. "Na kamba."

Katikati ya ukuta nikaacha mahali pakavu,
pana kama viganja viwili, pasipo rangi.
Akauliza ni nini.
Nikasema jua.
Akapatazama muda mrefu
kuliko jua linavyotazamwa.
"Asubuhi," akasema mwishowe. "Ndiyo. Lilikuwa linapiga hapo."

Asali niliikataa; akaiacha mlangoni.
Maji ya kikombe yaligeuka rangi ya Isevya baada ya mvua,
Mbuke akayamwagia mchicha.

Brashi ya inchi nne iko juu ya kabati.
Nywele zake zimeganda, nyekundu.
Nimeshajaribu mafuta ya taa.