Dobi Amjibu Swabra

Umeniuliza mtaa, Swabra, hukuniuliza hoteli,
nikajua zile akili zako za darasa la sita bado zipo.
Kitanda kizuri utakipata popote penye pesa;
jirani hanunuliki.
"Pesa si neno," umesema kwenye ujumbe wa sauti,
na nyuma yako nikasikia lifti ikitaja ghorofa.

Haya, nikwambie nijuavyo mimi
ambaye sijalala katika hoteli hizo hata usiku mmoja
ila nimewafulia usingizi wao miaka kumi na tisa.

Shuka haijui kusema uongo.
Za Casuarina nimezitia uzi mwekundu pindoni.
Huja na mafuta ya jua, mchanga laini kama sembe,
na doa la mvinyo lisilotoka kwa chumvi
mpaka ulibembeleze.
Kule bustani zina kuta, kuta zina vigae vya chupa,
mlinzi hukufungulia kabla hujapiga honi.
Pazuri. Kimya chake kimelipiwa.
Lakini ukitamani kitumbua alfajiri
utakiagiza kama dawa.

Silversand ni uzi wa buluu.
Usiende mwezi wa tano: Sabaki ikifurika
bahari yote hugeuka chai ya maziwa,
na taulo nyeupe hunijia na rangi ya matope
hata niziloweke siku mbili.
Matangazo yao yasema "mandhari ya bahari,"
na kweli, mandhari ipo.

Kuna ile mpya, njia ya Mayungu,
ghali kuliko zote, bwawa juu ya paa.
Shuka zake huteleza mkononi kama samaki
na hurudi karibu safi.
Hilo limenishughulisha. Watu wamelipa vile,
wakalala kama walioazimwa kitanda.
Ukitoka langoni ni vichaka na jua,
na tuktuk ya kukurudisha mjini
ina bei ya mgeni, hata ukitaja jina la babu yako.

Uzi wa kijani ni mji wa kale,
nyumba ya Shekue, vyumba vinane, dari ya boriti.
Hizo huja na kahawa, makombo ya mkate wa sinia,
mara moja hina, ua zima limejichapa kwenye foronya
nikaona haya kulisugua.
Mwadhini atakuamsha utake usitake.
Watoto wa chuoni hupita chini ya dirisha wakisoma kwa sauti.
Mgeni mmoja alimlalamikia jogoo;
Shekue akamnunua yule jogoo, akampika,
na wiki iliyofuata jirani akaleta wawili.

Hivyo ningemjibu mtu yeyote.
Lakini wewe umetaja siku tatu,
hukutaja mko wangapi.
Najua shuka, Swabra.
Ya wawili huchakaa katikati.
Ya mmoja huchakaa ubavu,
na upande wa pili hurudi na mikunjo ya pasi yangu
kama nilivyoiacha.
Nikakuandikia: "Na Athman je?"
Ukasoma. Ukanyamaza mpaka saa sita usiku.
Kisha: "Chumba cha mtu mmoja."

Sikuulizi.
Acha Casuarina, acha hilo bwawa la juu ya paa.
Njoo kwa Shekue, chumba cha tatu,
dirisha la uchochoroni, si la baharini.
Bei usijali, namdai malipo ya miezi miwili.
Karakana yangu iko ng'ambo ya ukuta huo huo;
usiku utaisikia pasi ikihema,
na mimi nikimgombeza Mbodze kwa kumwaga sabuni.
Siku ya kwanza utanichukia. Jogoo pia.

Pindo la shuka yako nitalitia uzi mweupe,
ambao sijaipa hoteli yoyote.
Uutafute gizani kwa kidole gumba,
upande ule usiolaliwa.