Mishumaa Mia Mbili na Kumi

Kazi ya Vendelín ni mishumaa.
Si taa, si umeme. Nta tu, na mkasi
wa kusawazisha urefu kati ya picha na picha,
ili moto wa saa tatu usiku
ubaki ule ule hata saa tisa.

Kasri hili la Bohemia lina baridi ya kisima.
Nje ni karne yetu: malori, nyaya matopeni,
mpishi anawagawia supu ya kabichi majemadari
waliovaa jaketi za nailoni juu ya hariri.
Ndani, mlango ukishafungwa
na mwongozaji akisema, taratibu, "Kimya,"
mwaka elfu moja mia saba arobaini na mbili
unavuta pumzi.

Tazama nuru isiyo na haraka.
Haimwagiki kama ya balbu. Inapapasa.
Inaanzia ukingoni mwa glasi ya mvinyo,
inapanda kifundo cha mkono wa binti wa kabaila,
inasita kooni, pale lulu za bandia
zinapokubali kuwa lulu.
Gauni lake ungeliita kijani, ungekosea:
ni kutu ya shaba, ni maji ya bwawa
yaliyolala chini ya mierebi tangu masika.
Nalo giza limeachiwa pembe zake nne.
Hakuna aliyelifukuza.

Kisha anapita Hedvika.
Miaka thelathini na mmoja amefagia ukumbi huu,
anaujua kila ubao unaolia ukikanyagwa.
Leo wamemvika kofia ya kitani,
wamempaka masizi kidogo shavuni, wakamwelekeza:
beba sinia, pita nyuma ya mabwana,
usiitazame kamera.
Akacheka. Kupita nyuma ya mabwana!
Bibi wa bibi yake alifundishwa hayo humu humu,
wala hakulipwa kwa siku.

Mara ya kwanza, kikombe kilianguka.
Mara ya nne, jemadari alipiga chafya.
Mara ya tisa, sijui niseme nini kuhusu mara ya tisa.

Niliiona tena Januari, sinemani Písek,
theluji ikiyeyuka kwenye viatu vya watu.
Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Kama mchoro."
Vendelín, kando yangu, aliguna:
mshumaa wa arobaini na tatu, kushoto,
ulikuwa mrefu kupita wenzake kwa ukucha mmoja.

Mimi nilimtazama Hedvika.
Sekunde mbili, labda chini ya hapo.
Binti wa kabaila analia kwa uzuri usiosemeka,
machozi yake yamebeba kila moto wa ukumbi,
na mbele ya kiti chake tone la nta
linadondoka sakafuni.
Huko nyuma, gizani, mwanamke mwenye sinia
anapunguza mwendo, anainamisha macho
aone limeangukia wapi,
kwani kesho asubuhi
ni yeye atakayelikwangua.