Kisiwa cha Nyemo

Mwalimu, daftari la Nyemo nimeliona.
Kalamu nyekundu imepita juu ya neno kisiwa
mara mbili, karibu karatasi itoboke,
na pembeni umeandika: Dodoma hakuna. Andika ya kweli.

Sikulaumu.
Mimi nimezaliwa hapahapa, Kikuyu,
na maji niliyoyajua utotoni yalikuwa ya foleni,
ya kuogea, kisha ya kufulia,
kisha ya kumwagilia mchicha.

Ila nipe ukurasa mmoja.

Tulikwenda Bahi kwa mama mkwe, baada ya Krismasi,
na gari letu la mkopo, bado marejesho miezi kumi na tisa,
buti limejaa mikate, sukari, na viatu vipya vya watoto.
Tukafika pale njia inaposhuka korongo la mchanga
na ng'ombe hulala katikati.
Njia haikuwepo.
Palikuwa na mbingu, Mwalimu, imelazwa chini,
na ng'ambo, juu ya mwinuko wake,
nyumba sita, mbuzi,
na Bibi Sechelela akipunga kanga.
Alikuwa anatuita au anatufukuza?
Kwa mkwe, huwa sijui.

Gari likabaki kwa fundi wa kuchomelea,
katikati ya mageti mawili yasiyo na nyumba.
Malogo akatuvusha kwa mtumbwi, wawili wawili.
Ukazama mkate mmoja,
na kiatu kimoja cha Yeremia.

Siku nane.
Hakuna honi. Hakuna vumbi.
Hata baiskeli ya shemeji ilitundikwa ukutani, haina pa kwenda.
Nilisikia jiwe la kusagia, nyumba ya tatu, likibadili mkono.
Nilisikia vyura wakigombana mpaka alfajiri
kama wanachama wa saccos siku ya hesabu,
na mtu akitupa "mbukwa" juu ya maji,
na "mbukwenyi" ikirudi kutoka kwenye matete
bila mwenyewe kuonekana.

Yeremia ana miaka minne.
Mjini namshika mkono hata kwenda duka la jirani,
kwa ajili ya bodaboda.
Siku ya tatu nilimwachia.
Vidole vyangu vilibaki vimekunjika hivi, hivi,
hadi jioni ndipo vikagundua havina kitu.

Baba yao ndiye aliyechelewa kufika.
Mwili ulivuka na mtumbwi wa kwanza, yeye hakuvuka.
Kila machweo alishuka ukingoni,
akatoa funguo, akaelekeza ng'ambo, akabonyeza.
Gari halikuitika.
Nyemo alidhani ni namna ya kusali.
Siku ya tano mama yake alimnyang'anya,
akazitumbukiza kwenye kibuyu cha mbegu za uwele:
"Na hizi nazo zipumzike."

Usiku ule Ndahani alisema jambo
ambalo kwa ndoa ya miaka kumi na moja sijalisikia:
kwamba alikuwa na kaka, Yoramu,
aliyekufa mwaka wa njaa,
mwaka ambao hapo penye mtumbwi
ardhi ilipasuka, akatuonyesha kwa kiganja,
ufa wa kumeza mguu wa mtoto.
Tukanyamaza. Mlenda ukapoa.
Nyemo akauliza maji yalikuwa wapi siku hizo.
Bibi akasema, "Kayaulize," akageukia ukuta,
na sikumsikia akikoroma.

Maji yaliposhuka tulirudi kwa miguu, tope hadi magotini.
Chini ya gari kuku wa fundi alikuwa ametaga mayai manne.
Ndahani hakuwasha. Alikaa pembeni kwenye ndoo,
akamsubiri kuku ainuke mwenyewe.

Ukienda leo utakuta shamba la mtama,
na ng'ombe, njiani, kama kawaida.
Ushahidi nilionao ni kiatu kimoja,
na punje ya uwele iliyodondoka jana
nilipozitikisa funguo.

Kwa hiyo sahihisha, Mwalimu, ni kazi yako.
Mtubwi imekosa m. Nane haiandikwi nanne.
Ila kisiwa, naomba,
kiache kilivyo.