Milivolti Ishirini na Mbili

Transfoma nimeisuka mwenyewe,
mizunguko mia nne na arobaini ya waya wa shaba,
nikihesabu kwa sauti nisije nikasinzia,
hadi Awino akauliza toka chumbani kama nasali.
Kwenye mia tatu na kitu jirani akabisha hodi.
Hesabu ikaruka. Nikafumua, nikaanza moja.

Bamba la kupozea joto nililifuata Kibuye,
kwa Osewe, anayeyeyusha pistoni za malori
zikawa sufuria.
Akautazama mchoro wangu, mapezi kumi na mawili
yamesimama kama ya ngege aliyekasirika.
"Hii itapika nini?"
"Kelele," nikamwambia. "Itapika, halafu ipoze."

Transista za kwanza zilikuwa bandia.
Nilipasua moja kwa msumeno:
kofia pana ya chuma, maandishi ya kuvutia,
na ndani kipande cha silikoni
kidogo kuliko chawa.
Nimewahi kufanya kazi chini ya watu wa namna hiyo.

Za pili zilikuja kwa basi kutoka Nakuru,
zimeviringishwa ndani ya soksi.
Hakuna barua. Hakuna salamu.
Ila juu ya kila moja, kwenye utepe wa karatasi,
namba kwa penseli, saba zake zimekatwa tumboni
kama alivyotufunza baba.
Alikuwa amezipima. Ili upate mbili zinazolingana hivi
unapima arobaini, pengine zaidi,
usiku, mkewe akilalamikia taa.

Wimbi la sauti lina mlima na lina bonde.
Mmoja hubeba mlima, mwenzake hubeba bonde,
hakuna anayegusa mzigo wa mwingine.
Taabu iko pale katikati, kwenye sifuri:
huyu ameshatua, yule hajaamka.
Ni pengo la unywele tu,
lakini sikio halidanganyiki;
sauti tamu inakwaruza
kama mwiko kwenye ugali ulioungua.

Kwetu anayetangulia ni Opiyo,
anayefuata ni Odongo. Mimi ndiye niliyefuata.
Kati yetu robo saa; mkunga, mama alisema,
aliwahi kunywa chai.
Pengo la pili lina miaka sita.
Redio ya baba, ile ya mbao,
aliifungua aitengeneze, haikufungika tena.
Nikasema neno. Akasema lake.
Lake lilikuwa fupi zaidi.

Nimeunganisha balbu ya wati sitini
kati ya stima na kazi yangu. Ikiwaka ikabaki,
kuna mahali nimekosea, na nitanusa moshi.
Iliwaka,
ikafifia,
ikabaki uzi mwekundu, kisha giza.
Nikakumbuka kupumua.

Dawa ya lile pengo si kuwalazimisha wapendane.
Unawaacha wote wawili macho kidogo,
hata pakiwa kimya, hata pasipo wimbo,
mkondo mwembamba ukipita wa kuwatia joto.
Bisibisi ya plastiki, mgeuko mdogo,
macho kwenye mita: tisa.
Kumi na nne. Nyumba nzima ya Nyalenda imenyamaza,
au mimi ndiye nimeziba.
Ishirini na mbili.
Nikautoa mkono kama anayelaza mtoto.

Nikaweka santuri ya benga, ile yenye ukingo uliopasuka.
Kabla gitaa la pili halijaingia
mtu akakohoa.
Mtu, studioni, siku hiyo, na mafua yake!
Miaka yote ile, kwenye redio ya baba,
kikohozi hicho hakikuwepo.
Awino akaja na unga mikononi, akasimama mlangoni,
akasema, "Rudisha pale alipokohoa."

Huo ni upande wa kulia.
Upande wa kushoto ni boksi tupu,
matundu manne yaliyotobolewa, grisi nyeupe ikingoja.
Nahitaji jozi nyingine, zinazolingana,
na soksi hii, nimeifua, nimeianika,
lazima irudi kwa mwenyewe.
Namba yake bado ninayo kichwani.
Nimepima mara tatu kama mita inafanya kazi.
Inafanya kazi.